Mkono Uliopokea Isale

Mdogo wangu alianza na migomba. Nilikuwa zizini nikikamua, jua limeshafika kwenye theluji ya mlima na moshi wa jikoni unatoka kila nyumba, kwa hiyo hakuja kwa kujificha. Alikata kwa utaratibu, mstari mmoja akipanda, mwingine akishuka, shina moja pigo moja, na kila mgomba ulipoanguka ulitoa mlio wa kitu chenye maji kinachopasuka. Alijua kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe wangu wanaishi kwa majani na mashina ya migomba ile. Alijua pia kwamba bila ng'ombe siwezi kukaa pale.

Nilitoka na ndoo ya maziwa mkononi nikamwambia aache. Alinijibu bila kugeuka.

"Dada, rudi ndani. Hii si kazi yako."

Nikaenda kusimama mbele ya mgomba uliofuata, uliokuwa na mkungu karibu kukomaa. Alinipiga kwanza kwa ubapa wa panga, begani, kama mtu anavyomsogeza ng'ombe njiani. Sikusogea. Akapiga kwa makali. Nilinyanyua mkono wa kulia na panga likaingia chini kidogo ya kiwiko. Maumivu yalichelewa; kilichotangulia ni sauti, sauti kavu, na nikaelewa kwamba limefika kwenye mfupa. Maziwa yalimwagika, na kwa muda mfupi nilikasirika kwa ajili ya maziwa tu.

Mdogo wangu alitazama damu. Akachuma jani la mgomba, akafuta panga pande zote mbili, akasema, "Sasa nenda kwa mumeo akakufunge kidonda." Kisha akashuka kwenda nyumbani kwake, yaani kwenye nyumba ya marehemu baba yetu, ambayo iko chini tu ya kwangu.

Naandika haya kwa mpangilio ule ule yalivyotokea, kwa sababu baadaye niliyasikia yakisimuliwa kwa mipangilio mingine.

Ugomvi wetu ulikuwa wa kawaida kabisa kwa watu wa huku Old Moshi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, ambamo watu wanaishi na wanazikwa, kinarithiwa na watoto wa kiume. Mtoto wa mwisho wa kiume anabaki na nyumba ya baba. Binti anapewa mume. Mimi nilipewa, nikaenda kuishi Mabogini kwenye majaruba ya mpunga, na huko mume wangu alinipiga mpaka meno mawili ya mbele yakatoka na taya likakaa upande. Nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka mjini, na kutoka mjini nikapanda mlima nikiwa nimefunga kichwa kwa kanga kuzuia taya.

Baba hakuniuliza maswali. Alinionyesha kipande cha kihamba kilicho juu ya mfongo, ule mfereji wa maji tunaochangia na majirani, akaita wanaume wa ukoo, na mbele yao akapanda masale kutoka kona moja hadi nyingine. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa isale ni nini. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, haufi kirahisi, na ukipandwa kwenye mstari ndio mpaka. Baba alisema nitakaa pale mpaka nife. Hakuandika popote. Kisha yeye ndiye aliyekufa.

Mdogo wangu ni mwongoza wageni mlimani. Kipande changu kinatazama kilele bila kitu mbele yake, na alitaka kujenga hapo vyumba vya kulaza watalii. Hiyo ndiyo sababu yote. Yeye alitaka nitoke, na mimi sikuwa na pengine pa kwenda.

Sitaki kumpamba baba kwa sababu ya masale yale. Alitupiga sisi sote kwa kamba ya kufungia dume, na ikipotea kamba alitumia kilicho karibu. Siku moja aliniacha nichunge, nikakaa kusoma kitabu, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Alinipiga kwa kitabu chenyewe. Alinipiga nacho usoni na kichwani mpaka jalada likabaki mkononi mwake na kurasa zikatawanyika uani. Jirani mwingine, ambaye mwanawe alikuwa akichunga nami, alikuja kusema kwamba mwanawe naye ana kosa. Baba alimjibu kwamba mtoto wa mwenzake hampigi, anampiga wa kwake. Nilikuwa chini, nimeziba sikio linalovuma, na maneno hayo yalinifurahisha. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kuwa wa nyumbani: mkono unaoweza kukufikia.

Kipimo hicho nilikuja kukitilia shaka kwenye vitabu. Niliishia darasa la saba, lakini baada ya Mabogini nilipata kazi ya usafi katika maktaba ya chuo kimoja mjini, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi, nilianza rafu ya kwanza ya uhakiki wa fasihi nikaenda nayo mpaka ya mwisho, kamusi pembeni. Kilichonishangaza ni wingi wa kurasa walizoandika wahakiki kuhusu mtu kuwa wa mahali, kuwa wa watu fulani, kuwa na kwao. Mhusika anaondoka, anarudi, anajiona mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Anasimama mlangoni na kusikia harufu ya udongo. Nilisoma kwa makini, nikaelewa, lakini kitu kimoja kilinisumbua. Karibu kila mahali suala hilo lilikuwa hisia ya mtu mmoja, kitu kilichomo kifuani mwake. Huku kwetu sijawahi kusikia mtu akiulizwa kama anajisikia wa hapa. Wengine ndio wanaokuambia, na wana mapanga.

Hospitali hawakunitibu mpaka nilipopitia polisi kuchukua fomu. Nilikaa kwenye benchi la kituo nikiwa nimefungwa shuka, damu ikidondoka sakafuni, na askari mmoja akaniomba nisogeze mguu ili isifike kwenye viatu vyake. Waliandika shambulio la kudhuru mwili. Mdogo wangu akakamatwa, akalala mahabusu, akatoka kwa dhamana akiwa na uvimbe juu ya jicho ambao hakuingia nao. Mimi nilishonwa. Daktari aliniambia kwamba vidole viwili vya mwisho havitafunga tena, na akaniuliza nafanya kazi gani. Nilimwambia nakamua.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kunitazama. Alifunua kidonda, akakiangalia vizuri, akakifunika. Akasema ni mambo ya ndugu.

Kuna kikundi cha kusoma ambacho hukutana Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo wa kanisa mjini. Kinaongozwa na mwalimu mstaafu wa fasihi, mtu mpole sana, anayekohoa kabla ya kusema jambo zito. Nilishuka hivyo hivyo na mkono wangu kwenye kitambaa. Siku hiyo tulisoma hadithi fupi ya mwanamume aliyerudi kijijini baada ya miaka mingi. Mwalimu kijana wa sekondari alisema mhusika amepata kwao tena, kwa sababu mama yake anamtambua na yeye analia. Mimi nilisema machozi si ushahidi. Nikasema kama tunataka kujua yeye ni wa pale au si wa pale, tumtafute mtu katika hadithi ambaye anaweza kumfukuza. Nilisema kwa ukali zaidi ya ilivyohitajika. Kijana yule akaniuliza, kwa utani, kama ni uhakiki au ni mkono unaoongea. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mwalimu mstaafu akakohoa.

"Mama ana haki, ila ametazama mlango tu," alisema. "Tazameni na ndani. Kuna dada yake mhusika. Anatajwa mara moja. Analeta maji ya kunawa, halafu anatoka. Mwandishi hatuambii anakwenda wapi. Huyu jamaa anasema 'kwetu' kila ukurasa. Yule dada, katika hadithi nzima, amepewa nafasi ya kulisema neno hilo?"

Nilikuwa nimeisoma hadithi ile kwa uangalifu kabla ya kuja, kama kawaida yangu, na sikuwa nimemwona yule dada. Nilirudi nyumbani nikitazama kwenye kiti cha mbele cha gari kichwa cha mwanamke nisiyemjua, nikifikiria maji ya kunawa.

Wiki iliyofuata walikuja. Mbele alikuwa baba mkubwa, ambaye ni binamu yake baba na ndiye mkubwa wa ukoo, kisha shangazi, kisha binamu zetu wawili wakivuta mbuzi, na nyuma kabisa mdogo wangu, ameinamisha kichwa. Nilikuwa nawamwagia ng'ombe maji. Niliweka ndoo chini, nikajifuta mikono, nikamwamkia baba mkubwa shikamoo, akaitikia. Hakuna aliyeeleza kitu. Mdogo wangu akapita katikati yao, akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili. Juu ya viganja kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Nikalipokea.

Nataka hili lieleweke, hasa na wasiotoka huku. Isale ndilo jani la kuomba radhi. Anayekuletea amejishusha mpaka chini, na kulikataa ni kujitakia mabaya wewe na uzao wako. Tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kusoma. Sikufikiri. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kuushika ule wa kulia kwenye kifundo, kwa adabu, na mkono wa kulia, wenye nyuzi bado, ukafunguka. Jani lilikuwa kwangu kabla sijajua nimetendewa nini. Shangazi akavuta pumzi. Binamu mmoja akasema, "Haya, yamekwisha," akaanza kutafuta mahali pa kumfunga mbuzi.

Wakakaa. Nikaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyokuwapo, na maji ya kunawa. Baba mkubwa alisema kwa muda mrefu, kwa utulivu, na alisema vizuri. Alimtaja marehemu baba yetu, akautaja ukoo na jina lake mbele ya majirani, akamtaja mdogo wangu na familia yake changa, akataja vyumba vya wageni na jinsi vitakavyowafaa hata wajukuu. Alimtaja mpaka mbuzi. Nilimsikiliza kama nilivyojifunza kusikiliza maandishi, nikifuatilia nani anatenda katika kila sentensi. Mimi nilikuwamo mara moja tu: nilikuwa mkono uliopokea. Halafu akasema kesi itafutwa, na kwamba shangazi amekubali kunipa chumba.

Nilikuwa bado nimeshika chombo cha maji.

"Baba mkubwa, naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Huyu amekuja kuomba radhi kwa nini?"

Wakatazamana. Baba mkubwa akasema kwa ajili ya mkono, ni wazi.

"Mkono nimesamehe. Ni wangu, nina haki ya kuusamehe. Kihamba hakuna aliyekiomba."

"Wee," shangazi akasema, "isale halikatwi vipande kama nyama. Umeshapokea."

"Nimepokea. Lakini wakati naletewa jani, nani alitaja kihamba?"

Hapo mdogo wangu akainua kichwa. "Mnamsikia? Anatutungia mtihani. Kasoma vitabu vya watu akideki sakafu, sasa leo sisi ndio wanafunzi. Sahihisha basi, mwalimu. Niandikie kosa."

Binamu zetu walicheka, na hata baba mkubwa alificha mdomo. Nilingoja waishe. Nikanyoosha lile jani ili walione.

"Jani hili mgeni angeuliza kwanza maana yake," nilisema. "Mimi sikuuliza. Nimelichukua kama mlivyonilea, na ninyi mlijua nitalichukua, ndiyo maana mkaja nalo. Sasa niambieni. Mlimletea mtu wa hapa, au mlimletea mgeni?"

Baba mkubwa aliitazama mbege yake. Nilimwona anafikiri kweli, na nilitaka sana aendelee, kwa sababu mzee huyo si mtu mbaya na swali lilikuwa limemfika. Lakini mdogo wangu hakumngoja. Alisimama, akatoa panga kiunoni, akaenda kwenye mstari wa masale.

"Mpaka gani mnaousema?" alisema. "Mimi siuoni."

Akapiga. Isale la kwanza lilianguka upande, la pili likakatika vipande, na alipoona mashina yanabaki aliinama akaanza kung'oa kwa mikono, mizizi ikitoka na udongo, akivitupa nyuma yake kuelekea tulikokaa. Bonge moja lilimpiga shangazi kifuani. Alikuwa akihema kama mtu anayebeba mzigo, na kati ya kung'oa na kung'oa alikuwa akimtukana baba, kwa Kichagga, matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Nilikuwa nimemwona shangazi akikiangalia kidonda changu wazi na kusema ni mambo ya ndugu. Sasa alikaa chini kwenye udongo, akashika kichwa, akalia kwa sauti ya msibani. Baba mkubwa alisimama. Masale yale yalikuwa yamepandwa na marehemu mbele ya ukoo, na kuyang'oa ni kumfukua mwenyewe. Aliwatazama tu wale binamu.

Walimwangusha. Mmoja alimkanyaga mkono mpaka panga likatoka, mwingine akamkalia mgongoni, wakampiga kwa ngumi, kisha kwa mashina yale yale aliyoyakata. Walimpiga kwa muda mrefu. Meno yake yaligonga jiwe na mdomo ukajaa damu na udongo. Walikuwa wakimpiga na kumwita mdogo wao, wakimwambia ametutia aibu sisi sote, na mmoja wao alikuwa analia. Niliwaangalia, na nikaelewa maneno ya baba kuliko nilivyoyaelewa nikiwa chini uani. Walimpiga kwa sababu ni wa kwao. Mkono wangu haukuwa umemletea hata kofi moja kutoka kwao.

Baba mkubwa alisema inatosha, wakaacha.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Masale yatarudishwa siku ile ile, pale pale alipoyaweka marehemu, na atakayeyapanda ni yule aliyeyang'oa. Juu ya mfongo hakutajengwa kitu. Kuhusu kesi, alinitazama na hakumalizia. Nilisema nitaifuta, kwa kuwa nimepokea. Baadaye hakimu aliniuliza kama nimelazimishwa. Nilijibu kwamba sikulazimishwa, na bado sijui namna bora zaidi ya kujibu swali lile. Mtu aliyenikata alitoka mahakamani huru, nikatoka nyuma yake. Hiyo ndiyo bei, na niliilipa.

Mwalimu mstaafu alipokisikia kisa hiki aliniambia niuangalie vizuri mwisho wake. Sikupewa pale kwa sababu ya hoja yangu, alisema, wala kwa sababu ya damu yangu. Nilipewa kwa sababu mwanamume alimtukana mwanamume aliyekufa. Anasema kweli. Nimelifikiria jambo hilo kwa utaratibu na sijapata pa kulikwepa. Sikuona sababu ya kukirudisha kihamba.

Mchana ule mbuzi alichinjwa, kwa sababu alikuwa ameshaletwa. Mdogo wangu alipanda masale akiwa na jicho moja limefunga, akiyashindilia kwa kisigino, na alipomaliza walimwita aje akate nyama, maana anayeomba radhi ndiye humlisha aliyemkosea. Walimpa kisu kidogo. Alikata kipande cha ubavu, akanipa. Nilipokea kwa kushoto kwanza, nikakumbuka, nikabadilisha kwa kulia. Vidole viwili havikufunga, nyama ikaelekea kudondoka, naye akaishikilia kwa chini mpaka nikaipata.

Alikuwa amesogea karibu. Aliongea taratibu, kwa mdomo uliovimba, na wengine hawakusikia.

"Ukifa nitajenga."

Nikatafuna kwanza, nikameza. Nikamwambia nimesikia, na anisogezee chumvi.